Masjala Chini ya Ngazi

Miaka thelathini na mmoja nimekaa chini ya ngazi,
hospitali ya kilimani, Duluth,
ambako theluji huziba kidirisha tangu Novemba
nami nikajua saa kwa viatu vya wapitao.
Faili laki mbili na ushei. Nilizijua kwa migongo:
ile nene ya kisukari,
ile nyembamba ya mtoto ambaye hakurudi,
ile yenye doa la kahawa, kosa langu, mwaka wa tisini na tatu.

Kikaja kikohozi cha Eino Saarela,
mchimba chuma mstaafu, kifua gunia la vumbi jekundu.
Jumatatu walimpiga eksirei Hibbing.
Alhamisi wakampiga tena Cloquet,
kwa kuwa ile ya kwanza ilifungiwa kwenye kompyuta
isiyosemezana na ya kwao.
Wiki ya pili akafika kwetu, bahasha ya kaki kwapani,
ndani yake diski ambayo mashine yetu iliitema
kama mtoto atemavyo kwinini.
Tukampiga ya tatu.
Kifua kimoja, kivuli kilekile,
bili tatu.

Alizileta kwangu, si kwa mhasibu.
Alidhani mwenye makaratasi ndiye mwenye majibu.
Akazipanga mezani mojamoja, kama achezaye karata.
“Marlys, hebu niambie. Nimeugua mara ngapi?”
Sikuwa na neno. Nilimpa kiti.

Mfumo ulikuja baada ya mazishi yake.
Vijana wa Minneapolis walivuta nyaya darini,
wakanipa skana na kiti chenye magurudumu.
Miezi kumi na minne nililisha mdomo ule karatasi.
Mwandiko wa Dakta Ostby, michoro ya kuku matopeni,
hakuna aliyeuweza ila mimi,
basi nikausoma kwa sauti, peke yangu, na kuuchapa.

Siku nilipofika kwa Eino mashine ilisita.
*Picha hizi tatu zinafanana. Nifute mbili?*
Nilitazama kidole changu.
Kila moja ililipiwa. Ya pili aliilipa kwa kuuza mashua,
ya tatu mjane wake bado anailipa, dola arobaini kwa mwezi.
Nikabonyeza hapana.

Mwezi wa nne tukaitwa juu, ghorofa ya sita, penye mwanga.
Mkurugenzi alionyesha mistari ukutani ikishuka kama watelezao barafuni:
vipimo vya kurudiarudia, vimepungua;
dawa zilizotolewa mara mbili, zimepungua;
stempu, simu, kodi ya ghala.
Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilimkumbuka Eino.
Kisha mstari wa mwisho, mfupi, rangi ya kijani:
*Masjala, watumishi wawili.*
Bev alinishika mkono.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo.
Sikujua kwamba na mimi ni haba.

Sina kinyongo. Au ninacho, kidogo, asubuhi,
nivaapo viatu bila kuwa na pa kwenda.

Machi hii niliteleza mbele ya posta, goti likalia.
Kliniki ya Two Harbors, muuguzi kijana, pete puani,
hakunipa fomu.
“Una mzio wa penisilini,” alisema,
wala halikuwa swali.
Nikaliona neno hilo kwenye kioo chake, na herufi iliyorukwa,
kosa langu jingine,
lililotoka kwenye michoro ya kuku ya Ostby
hadi vidoleni mwangu, hadi hapa.
Eksirei niliyopigwa Duluth ilikuwa imeshanitangulia.
Aliifungua, akalitazama goti langu, akasema haina haja ya nyingine.

Bili ilikuja Ijumaa. Karatasi moja.
Niliigeuza nyuma kutafuta zilizobaki,
nikatikisa bahasha,
nikachungulia ndani.