Ripoti ya Mwisho

Chumba namba tatu, jengo la manispaa, mji wa Utica.
Nje theluji ya Februari inashuka bila haraka.
Ndani tuko watano, kahawa ya mashine,
na maombi thelathini na saba yamebanwa kwa vibanio vyeusi.
Fungu lote ni dola elfu kumi na nne.
Kila mtu kapiga hesabu kimoyomoyo kabla hajavua koti.

Mimi nilipanga barua posta miaka thelathini na mmoja.
Waliponiita nije kupima sanaa nilicheka.
Tunataka mtu wa kawaida, wakasema.
Basi huyu hapa wa kawaida, na kalamu nyekundu,
nawapa watu alama
kwa jinsi walivyowaeleza bibi zao
katika maneno yasiyozidi mia mbili na hamsini.

Refik Hodžić anataka jukwaa kwa kwaya ya Wabosnia,
wazee kumi na mmoja, na mmoja kati yao haimbi, hukaa tu.
Wadominika wanaomba ngoma mbili:
zile za kwanza zililowa dari ilipovuja.
Liko kundi lenye mwandishi wa kulipwa,
sentensi zimepigwa pasi, kola zimesimama,
*athari endelevu, ushirikishwaji wa kina.*
Tisini na nne.
Nilisoma mara mbili, sikujua wanacheza au wanachora.

Kisha namba ishirini na tisa, kwa mkono, wino wa buluu.
Naw Htoo Paw, mfumaji, Mkareni,
usiku yuko kiwanda cha mtindi.
Nyuzi: mia tatu arobaini.
Joto la ukumbi wa kanisa, Jumamosi kumi: mia tatu.
Chai: sifuri, tunaleta wenyewe.
Na pale fomu ilipouliza, *utapimaje mafanikio?*
amejibu:
kitambaa kikiisha, kimeisha.

"Hana vigezo," akasema mwenyekiti, Bi. Haldane,
si kwa ubaya; ana mgongo unaomuuma, na saa.
"Hana takwimu. Tutajuaje?"

Nikamkumbuka mama, Filomena,
kiwanda cha fulana pale ng'ambo ya mto,
jinsi alivyorudi na vumbi la pamba kwenye nyusi
akigusa kola ya kila mgeni aliyeingia kwetu,
akijua kwa dole gumba mshono utafumuka lini.
Kiwanda kilifungwa. Sasa ni maghala, na njiwa.
Nilitaka kuyasema haya.
Nilichosema ni: "Nyuzi ni ghali siku hizi."

Tukampa mia nne.
Kidogo si haba, akasema mtu, akatafuta koti lake.

Novemba, ripoti zikaja.
Picha za watoto wanaocheka, chati za duara,
risiti zimepangwa kwa tarehe.
Kutoka kwake, bahasha nene, laini, isiyo na karatasi.
Bi. Haldane akaifungua kwa kisu cha barua,
kikadondoka mezani kitambaa,
upana wa kiuno cha mtu,
maana mtande wake ulifungwa kiunoni,
na ncha ya pili, nilisikia baadaye, kwenye bomba la joto
lililowaka Jumamosi sita kati ya kumi.

Chekundu. Kisha cheupe, mbegu ndogo ndogo za nakshi.
Kisha, zaidi ya nusu ya safari,
mshindio unakoma.
Nyuzi za mtande zinaendelea peke yake, tupu,
zimenyooka, hazikukatwa,
kiganja kizima cha hewa,
halafu ukingo unafungwa vizuri, mafundo sawa,
kama mtu aliyemaliza.

"Imeharibika?" akauliza kijana wa fedha.
Hakuna aliyemjibu.
Akatafuta jalada la kuiweka, akakosa,
akaiacha juu ya printa.

Walipotoka kwenda kula
nilipitisha vidole pale palipo wazi.
Vinne vilienea.