Mkono wa Mizani

Mpira uligusa bati langu.
Nianze na hilo, maana nimelizunguka wiki nzima
kama mtu anayetafuta funguo na anajua ziko mfukoni.
Bati la kupigia, mama, si la kuezekea.
Uligusa ukingoni, kwa ukucha tu,
mlio mdogo, kama njugu ikivunjwa menoni,
na upepo wa ziwa ukaumeza
kabla haujamfikia mwamuzi.

Mlinda wiketi akaudaka.
Wakalia wote kumi na mmoja: Nje! Nje!
Kumi, nijisahihishe. Lugata hakulia.
Yeye ndiye aliyeurusha, na alisimama katikati ya uwanja
mikono kiunoni, akinitazama mimi,
si mwamuzi. Mimi.

Mwamuzi alikuwa Jignesh, fundi saa.
Alisimama kama korongo wa Mwaloni, shingo mabegani,
akingoja masikio yake yamwambie kitu.
Hayakumwambia.
Kidole chake kikabaki chini.

Na mimi?
Nikafanya nilichojifunza kwenye luninga ya baa:
nikainama, nikagonga-gonga udongo kwa bati
kama mtu anayetafuta fuko,
nikakaza glavu ambayo haikulegea.
Wakubwa wa mchezo ndivyo wafanyavyo. Husema
kuhukumu ni kazi ya mwamuzi, ndiyo analipwa.
Jignesh halipwi. Tulimpa soda moja,
na haikuwa ya baridi.

Nilikuwa na mikimbio kumi na tisa. Nikafika sitini na mbili.
Walipoingia wao kupiga, Lugata akatolewa mapema,
na Magembe wetu akamkimbilia hadi usoni,
akapitisha kidole kooni: Nenda kavue furu!
Nikacheka.
Hilo nalo liandikwe.

Tukashinda. Nikabebwa juu juu
mpaka yale mawe makubwa nyuma ya uwanja,
na kutoka huko niliona ziwa lote,
na Lugata akikusanya wiketi
ambazo hazikuwa zamu yake kukusanya.

Sasa, Jumatatu.
Mimi kazi yangu ni kupima. Dagaa, asubuhi hadi saa nane.
Wapo wanaotia kidole chini ya sahani,
kidogo tu, kama anayeegemea,
na robo kilo ya mtu inalala mfukoni mwao.
Mimi miaka sita huinua mikono yote miwili juu,
mteja aione,
nimesimama kama niliyekamatwa.
Hakuna aliyewahi kusema mizani ya Nkwabi ina mkono.

Lugata akaja. Kilo kumi, za mgahawa wa dada yake Buzuruga.
Nikainua mikono.
Akaitazama mikono yangu muda mrefu kuliko inavyohitaji kilo kumi.
Mizani hakuitazama kabisa.
"Zimetimia," nikasema.
"Ukisema wewe," akasema, akahesabu noti.

Nilifungua mdomo, haki ya Mungu.
Nilikuwa nimeshafika "Ile Jumamosi."
Mama Kabula akatua ndoo zake mbili katikati yetu,
akalalamikia bei, akalalamikia mchanga kwenye dagaa,
na alipokwisha, mgongo wa Lugata
ulikuwa umeshafika kwenye geti la ushuru.

Wanasema kriketi ni mchezo wa waungwana.
Waungwana hao nimewaona kwenye luninga
wakipiga wiketi mateke,
wakiukwaruza mpira kwa msasa
na kufuta machozi mbele ya kamera.
Sijui uungwana. Najua mizani:
kidole chepesi ndicho kinachoiba sana,
kwa sababu hata mwenyewe hukisahau.

Jumamosi tunacheza nao tena.
Nikiusikia ule mlio wa njugu,
sijui miguu itafanya nini. Miguu ina mazoea,
na Magembe atakuwa anapiga kelele kutoka kivulini.
Lakini bati nitaliachia lianguke kwanza.
Halafu mikono.
Yote miwili, juu,
Lugata aione.