Kiti cha Juu

Saa kumi na nusu alfajiri, juu ya dari yangu,
kiti huburutwa mara moja: krruu.
Kisha kimya.
Hapo najua Nanuli ameketi,
nami naitafuta sakafu kwa vidole vya miguu.

Sijawahi kununua saa ya kengele.
Miaka saba hapa Gldani, ghorofa ya tano,
naamshwa na miguu ya kiti cha mwanamke
anayeandika kabla ya kwenda posta kupiga mihuri.
Mimi ni mwokaji. Tanuri langu limefukiwa ardhini
kama kisima cha moto,
nami huinama ndani yake nusu mwili
kubandika madonge ya unga ukutani.

"Unaandika nini?" nilimwuliza siku moja
ndani ya lifti yetu, isiyopanda mpaka imeze sarafu.
"Riwaya. Ya mwanamke anayevuka mto."
"Amefika ng'ambo?"
"Bado. Maji yamemfika magotini."

Mwaka uliofuata yalikuwa kiunoni.
Kuna mwaka alirudi ukingoni,
kurasa tisini zikaishia kufungia jibini.

Sikumcheka. Unga nao una siku zake:
unaukanda vilevile, chumvi ileile, maji yaleyale,
na bado hauumuki.
Huuachi kwa hilo. Kesho una wateja.
Yeye hakuwa na mteja hata mmoja.
Hilo ndilo lililonishangaza,
kukanda kila siku mkate
ambao hakuna aliyepanga foleni kuungoja.

Jumanne moja ya Februari, kiti hakikulia.
Niliamka jua limeshachungulia,
foleni imenuna mlangoni,
tanuri baridi kama jiwe la kaburi.
Jumatano, kimya.
Alhamisi, kimya.
Nikasema basi, mto umemshinda.
Nikajikuta naomboleza
mwanamke wa karatasi
ambaye hata jina lake sikuwahi kuliuliza.

Ijumaa nilipanda kwa ngazi,
sarafu sina, mkate wa moto kifuani.
Alifungua, kalamu sikioni, wino kidevuni.
Nikatazama chini ya meza:
kiti kimevaa soksi!
Miguu minne, soksi nne za sufu,
mbili kati yake za marehemu mumewe.

"Tamazi wa mlango wa pili amelalamika," akasema.
"Eti nawaamsha watu."
"Kumbe hukuacha?"
"Niache niende wapi?
Ila siku hizi naketi kama mwizi,
na sentensi nazo zinakuja kwa kunyata.
Jana ilikuja moja tu. Nikaifuta.
Leo nimeirudisha."

Nilitaka kusema maneno makubwa,
ya subira, ya chovya chovya na buyu la asali.
Nikaona haya. Buyu analo yeye,
na kidole chake ndicho kilichochubuka.
Nikasema lile tu lililonipandisha ngazi:
"Nanuli, mkate wa mtaa huu wote
huumuka kwa kiti chako."

Hakujibu. Alimega kipande, akakipuliza,
akala amesimama, macho dirishani
ambako theluji ilikuwa ikizika magari.
Halafu akapiga magoti chini ya meza,
akavua soksi.
Moja tu. Ya mguu wa nyuma, wa kushoto.

Sasa kiti hulia kwa sauti nyembamba.
Tamazi haisikii.
Mimi naisikia hata nikiwa ndotoni.
Asubuhi ya leo, kwenye lifti, sikumwuliza kitu,
yeye mwenyewe aligusa koo lake kwa kiganja:
maji yako hapa.
Mwanamke ameinua viatu juu ya kichwa
na bado anatembea.

Nami naongeza kuni.