Leida Anafumua Shali

Tartu, Februari. Theluji imepanda hadi kitasa cha dirisha.
Leida Kuusmaa ameshika shali ya marehemu mama yake,
upande mmoja umeliwa na nondo,
anaifumua kitanzi baada ya kitanzi.

"Duara halina makuu," ananiambia bila kuinua macho.
"Zungusha, zungusha tena; yupi katangulia, haidhuru.
Kila wimbi hubebwa na namba moja."

Ananirushia chungwa lenye alama ya wino.
Ligeuze mbele, kisha kulia.
Sasa anza kulia, kisha mbele.
Alama imegoma kurudi palepale.
"Umeona? Hapa namba moja huelemewa.
Wimbi linataka jedwali zima."

Na shali? Pindo limejikunja kama kabichi,
kila safu vitanzi maradufu ya iliyopita,
ukiilaza mezani inainuka.
Katika nchi ya umbo hilo, anasema,
kila nukta ni kioo:
simama popote, pindua yote, nchi ni ileile.
Nayo mawimbi yanatoka ukingoni,
ukingo usiofikiwa na mguu wowote.

Saa sita usiku.
Madonge matano ya uzi juu ya mizani ya jikoni:
gramu mia moja na nane,
sawasawa na jana, ilipokuwa shali.
Alichokula nondo ni hesabu nyingine.

"Utaifuma tena?"
Kanuni ya kurudi anayo,
asubuhi aliijaza ubao mzima.

"Kesho," anasema,
akinusa uzi.