Dirisha la Pai

Senga Rintoul hukata kucha zake kila Ijumaa usiku,
fupi kama za mkunga.
Jumamosi saa nne, kabla mpaka-chokaa hajanyoosha mistari ya uwanja,
yeye keshafungua kibanda chini ya jukwaa la kaskazini
na ananusa.
Naam, ananusa. Kitambaa kwanza.
"Kitambaa cha jana ni paka," huniambia,
"hulala popote na huzaa gizani."
Hukitupa. Hakuna mjadala.

Nina miaka kumi na saba. Niliajiriwa kwa kujua kujumlisha.
Kunawa mikono sikujua,
ingawa hadi siku ile ningeapa najua.
Alinifunza upya kama mtoto wa chekechea:
mgongo wa kiganja, katikati ya vidole, kisha gumba, peke yake,
kwani gumba ndilo linalosahauliwa
na ndilo linaloshika pai.

Pai za kondoo, mia mbili na arobaini, kabatini, motoni.
Katika kila trei huchoma moja hadi moyoni kwa kipimajoto
na kuandika daftarini: sabini na nane. Themanini na moja.
Mwandiko wake umenyooka
kuliko safu yetu ya ulinzi.

Inverlaw tulikuwa tunafungwa. Hiyo si habari.
Habari ni bomba: dakika ya arobaini na moja,
mvua ya Desemba ikipiga bati,
lilikohoa mara mbili, likatema kutu,
likanyamaza.

Senga alifungua, akafunga, akafungua.
Akatazama viganja vyake
vilivyotoka kupokea noti ya pauni tano
kwa mzee aliyeipigia chafya.
Akashusha dirisha.

Filimbi. Watu mia tatu wakamwagika ngazini na njaa zao.
Bwana Pringle, mweka hazina, akaingia kwa mlango wa nyuma akihema:
"Pai zina moto! Zimo kwenye karatasi! Nani atajua?"
"Tumbo halina macho, Lachlan," alisema,
"lakini lina kumbukumbu."
Akakaa juu ya kreti ya soda, mikono magotini, viganja juu,
kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja.

Tulitungiwa wimbo palepale,
wenye vina vizuri kuliko adabu.
Nje, mtoto mwenye kofia ya sufi hadi nyusini
alibandika pua kwenye kioo, akazihesabu pai.
Nilizihesabu naye. Mkono wangu ukaanza safari kuelekea kabati.
"Struan," alisema Senga.
Neno moja tu. Mkono ukarudi nyumbani.

Daftarini aliandika:
Saa tisa na dakika arobaini na sita. Hakuna maji.
Zilizouzwa: sifuri.
Akapiga mstari chini ya sifuri ile, kwa rula.

Maji yalirudi dakika ya sabini, ya kahawia, kisha ya maziwa, kisha maji.
Tulikuwa na povu hadi viwikoni
jukwaa lilipolipuka juu ya vichwa vyetu,
vumbi likadondoka, tukafuta kaunta upya.
Bao letu la kwanza tangu Oktoba. Sikuliona.
Nililisikia kwa nyayo za watu.

Akachoma pai nyingine: sitini na tisa. Dirisha juu.
Alikuja mmoja tu, mwenye kofia ya sufi,
sarafu zimeloa jasho ngumini.
Senga alizipokea kwa mkono wa kushoto,
pai akaitoa kwa koleo kwa mkono wa kulia.
"Inaunguza," alimwambia. "Subiri."
Hakusubiri.

Jumatatu hakuna aliyeugua.
Na nani hupigiwa makofi kwa homa isiyokuja,
kwa kitanda cha hospitali kilichobaki kimetandikwa?
Gazeti la mji liliandika bao,
na chini kabisa, herufi ndogo, malalamiko kuhusu pai.

Shuleni, kabla ya chakula, nilisimama sinkini.
Torquil akauliza naosha nini, mikono mbona misafi.
Nikaanza na gumba.