Nyekundu ya Kupanda, Kijani ya Kuingia

Yadi ya Hakimji, Shimanzi, nyuma ya maghala ya chai:
mashine mbili zimeoshwa, zimepangwa kama maharusi.
Nyekundu ya kupanda, kijani ya kuingia.
Zote magurudumu manne, zote na bodi ya nyuma,
na zote, asema Hakimji, zapita pasipopita gari.
Hajaiona njia ya Mwakirunge mwezi wa Mei.

Mimi nimekuja na daftari na mwanangu Ngowa.
Daftari lina hesabu. Ngowa ana miwani ya jua.

Nyekundu waikalia kama punda, mguu huku mguu huku,
mikono yake ya pikipiki, bodi yake kama sinia.
Kilo tisini, nimeambiwa.
Kilo tisini ni nazi sitini na makumbi yake,
au mifuko miwili ya mbolea ya kuku, na shingo yangu
ikigeuka kila tuta, kuangalia kama mfuko wa juu ungalipo.
Lakini hupenya. Baina ya mihogo na mihogo hupenya,
na mafuta huyanywa kwa kijiko.

Kijani ina usukani, viti viwili, mkanda, paa la turubai.
Kilo mia tatu. Vuta komeo, bodi yainuka kama tipa,
yamwaga, na mgongo wako haujui lolote.
Nikasimama hapo, kwenye neno hilo:
mgongo haujui lolote.
Miaka kumi na saba nilimlipa Mwachiti na mkokoteni wake.
Alipoanza kukohoa nikaushika mimi ule mti wa mbele,
toka shambani hadi lami, mara moja tu,
nikajua kwa nini hakuwa akicheka.

"Mama, nyekundu," asema Ngowa. "Jumapili twaipeleka Bamburi,
dakika ishirini shilingi mia tano,
watu wa bara wakija Disemba watapanga foleni.
Kazi na raha, chombo kimoja."
Namuuliza, na nazi je? Nazi hazina haraka.
Namuuliza, mtoto wa watu akianguka?
Airudisha miwani machoni.

"Kwani ni ya kazi au ya kutembelea?" auliza Hakimji,
utadhani viwili hivyo havijapata kulala nyumba moja.
Nikalifunga daftari.

Kuna hesabu sikuiandika.
Mama yangu, magoti yamemgomea mwaka wa nne huu.
Pikipiki aiogopa, teksi haifiki,
na Kashani alikozaliwa, nusu saa kwa miguu ya mtu mzima,
kwake yeye ni kama Unguja.
Yule punda mwekundu hawezi kumtanulia miguu.
Nikainama mbele ya kijani, nikapima kwa kiganja
kutoka ardhini hadi pa kukanyagia,
Hakimji akidhani natafuta kutu.
Shubiri moja na nusu.
Shubiri moja na nusu Mama aiweza.

Tukachukua kijani, kwa kulipa kidogo kidogo.
Ngowa alinuna hadi Kiembeni.

Sasa yabeba nazi, madumu ya maji, mbao za banda,
na siku moja mbuzi wa jirani mwenye mimba,
aliyekaa nyuma akitazama watu kama tajiri.
Jumamosi, samadi.
Jumapili Ngowa aiosha bodi kwa sabuni ya unga mara mbili,
na bado yanuka. Atandika mkeka, wajukuu warukia,
Mama kiti cha mbele, mkanda juu ya leso.

Nateremka polepole, gia ya chini, kama nilivyofunzwa.
Nakwepa kila shimo. Kila jiwe nalihesabu kwa magoti yake.
Mama anigeukia, ukingo wa leso wampiga shavuni:
"Wewe, twenda kuzika ama twenda kutembea?
Tia moto."