Kasha Lisilonguruma

Gwakisa, usinitajie bei kwanza.
Iwashe hiyo feni, kisha nyamaza.
Zima na redio. Mwambie yule wa mitumba
ashushe kipaza sauti chake kidogo,
nataka kusikia.

Hapana. Hii inalia kama nyuki ndani ya chupa.
Ile nyingine inakwaruza.
Na hiyo yenye taa za rangi saba, wape vijana wa magemu;
baba yangu hahitaji disko sebuleni.

Alitumikia reli miaka thelathini na mmoja,
karakana ya Iyunga, chini ya vichwa vya dizeli,
na dizeli nayo ikajilipa:
ikachukua sikio la kulia lote, la kushoto nusu.
Siku hizi anavaa kifaa kidogo kama punje ya haragwe,
kifaa kisichojua kuchagua.
Hukuza sauti ya mjukuu, hukuza na friji.
Kompyuta ya zamani ya kaka Ambokile
ilipowashwa aangalie sinema,
alikichomoa, akakiweka mezani
karibu na kikombe,
akatazama midomo tu mpaka mwisho.

Ndiyo maana nimekuja Mwanjelwa na karatasi.

Prosesa iwe ndogo, ya wati thelathini na tano.
Sishindani na mtu. Icheze filamu, ipumzike.
Anayebeba kidogo hatoki jasho.
Kadi ya picha sitaki: picha zimo humohumo,
mahindi na maharage shamba moja.
Diski iwe ile isiyozunguka.
Ya sahani niliwahi kuishika ikiwa kazini,
ikatetemeka kiganjani kama kifaranga.
Ramu, giga nane. Uliponiambia thelathini na mbili
niliiona ada ya mwanao machoni pako.

Kwenye pawa tuligombana.
Wewe na lile lako la wati mia sita, eti imara,
mimi na tofali dogo jeusi la kuweka nje ya kasha,
lisilo na feni, lisilo na neno.
Mteja wa pembeni akacheka: dada huyu ananunua kimya!
Ndiyo, nanunua kimya. Kwani hapa kinauzwa kwa kilo?

Kisha kipoza joto. Shaba, na mapezi ya alumini
yamebanana kama kurasa za daftari jipya.
Bila feni?
Itaungua, ukasema.
Gwakisa, wewe ulizaliwa Dar?
Mwezi wa saba, Uyole, alfajiri, sakitu juu ya majani,
maji ya bomba yanauma meno,
upepo wa mlimani unaingia ndani bila hodi.
Tumepewa feni sisi, haina hata waya.

Na Oktoba?

Hapo nilinyamaza.
Oktoba ina jua lake.
Nikaongeza feni moja, pana, ya mwendo wa bibi arusi,
nikaifunga kwa raba badala ya skrubu,
nikaiambia: wewe ni akiba.

Nyumbani nilikata kandambili kuukuu vipande vinne,
nikalitengenezea kasha miguu.

Saa mbili usiku nikabonyeza.
Baba akanisubiri.
"Washa basi."
"Nimewasha."
"Haijawaka hiyo."
Akainuka, akaweka kiganja juu ya bati
kama alivyokuwa akiiwekea injini mkono
wenzake wakibishana kwa vipimo,
akafumba macho.
Muda ukapita.
"Ipo," akasema. "Inapumua."

Akarudi kitini, hakuking'oa kifaa.
Picha haijaanza bado, akageuza kichwa ukutani.
"Nani huyo anakohoa?"
"Mzee Mwaisumo, baba. Upande wa pili."

Akatikisa kichwa.
"Miaka yote hii, bado hajapona?"